Kilicholala Mgongoni Mwako Tangu Utotoni

Uingereza, mwezi wa Novemba

Mdogo wangu Maduhu,

Mwangaluka, kama barua hii imekufikia asubuhi. Kama Shija amechelewa kutoka posta ya Bariadi na sasa ng'ombe wanaingia zizini, basi mwadila. Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua baridi inapoanza, lakini hayo ni magoti ya umri wangu, sitegemei yapone. Nataka kujua wewe unalalaje. Bado huwezi kuvaa shati? Na mvua imeshuka huko Mwamapalala, mmeanza kupanda? Huku jua tunaliona kama mpita njia asiyekaribia mlangoni.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyofundishwa shuleni. Kisukuma changu ni cha kusema, na hapa sina wa kusema naye.

Barua yako niliisoma nimesimama, koti bado mwilini. Halafu nikakaa nikaisoma upya. Mara ya kwanza niliisoma kama dada yako, nikaogopa. Mara ya pili niliisoma kama mtu aliyefanya kazi ya maabara maisha yake yote, na hofu ikaniacha, nikabaki nimeduwaa. Ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu. Isome mwenyewe, polepole, usimpe mtu akusomee.

Umeandika kwamba ulianza kusikia moto mgongoni upande wa kushoto, ukadhani umelala vibaya. Kisha yakatoka malengelenge, yakashika njia moja kutoka kwenye uti wa mgongo, yakapita chini ya kwapa mpaka karibu na chuchu, yakasimama hapo. Hayakuvuka kwenda kulia. Umeandika pia kwamba Mzee Gamba, jirani yako asiyeacha mzaha hata msibani, alisema kisimani kuwa Maduhu kafungwa mkanda wa jeshi, uzeeni anaitwa kwenda kulinda mpaka. Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Wote wanajua mkanda huo siku hizi unasemwaje. Mtu akiupata mjini, majirani huanza kumzungumza kwa sauti ya chini.

Na wewe ukaamini, bila kupimwa. Ukakumbuka kwamba tangu ununuzi wa pamba ulipoachiwa watu binafsi, wifi yangu Minza amekuwa akiuza uji na maandazi pale kwenye kituo cha kununulia, ambako malori ya Mwanza hulala yakisubiri mzigo. Ukaweka hili juu ya lile. Ukaita watu uani, ukasema mbele yao kwamba mke wako amekuletea ugonjwa kutoka kwa madereva. Ukamrudisha kwao Migato, na sasa unadai ng'ombe wa mahari warudi ili uwagawie watoto kabla hujafa.

Mwanao Shija naye aliniandikia, kwa hiyo nayajua hata yale uliyoyaruka. Anasema baba yake Minza hakubishana nawe. Alisimama tu akasema, "Ng'ombe wako wamo zizini kwangu, njoo uwaswage. Lakini binti yangu amerudi hana hata kipele. Mwenye vidonda ni wewe."

Mzee huyo hajasoma sayansi yoyote, lakini neno lake lina uzito, na nitakueleza kwa nini.

Mwishoni mwa barua yako, baada ya habari ya jembe la kukokotwa lililovunjika, umeandika kwamba hata mjukuu wako mdogo Holo, yule anayependa kukukalia mapajani, sasa ana tetekuwanga mwili mzima, nyumba yote imelogwa. Kwako huo ni mkosi wa pili. Kwangu ndiyo habari kubwa kuliko zote ulizoniandikia. Hapo ndipo nilipojua kilichokupata, na kimetoka wapi.

Je, unakumbuka tulipougua tetekuwanga mimi nawe? Ulikuwa mdogo, mimi nilikuwa nimeshaanza kuchota maji. Mayu alitutoa nyumbani akatuweka kwenye kibanda cha ndama ili tusiwape watoto wake wengine, ndama wakafungwa nje. Akatupaka majivu, akatukataza kujikuna. Wewe ulijikuna, na kovu lilibaki juu ya nyusi yako, sijui kama mikunjo imeshalifunika. Ulilia kwamba ndama wanalala baridini kwa ajili yako. Baadaye vipele vikakauka, tukaoga, tukarudi ndani. Mayu akasema ugonjwa umekwisha, nasi tukaamini, na kwa macho ya binadamu ulikuwa umekwisha kweli.

Ugonjwa ulikwisha, lakini kirusi kilichouleta hakikuondoka. Ngozi ilipopona, kirusi kile kilikwisha kupanda kwenye neva, hizo nyuzi za mwili zinazopeleka habari ya maumivu, kikafika kwenye shina lake kando ya uti wa mgongo. Kikaingia ndani ya seli za hapo, kikanyamaza. Hakikuzaana wala hakikuua. Ulipokuwa kijana ukicheza ngoma za Bagalu, kilikuwemo. Ulipomzika mke wako wa kwanza kilikuwemo, kimelala. Sasa umezeeka, walinzi wa mwili wako wamechoka, nacho kikaamka kikashuka kwa njia ileile ya neva moja mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana mkanda wako una upande mmoja tu. Neva ile haivuki mgongo, na kirusi hakina njia nyingine.

Utaniuliza kitu kidogo namna hiyo kinawezaje kufanya hayo. Hata mimi niliuliza, na nikapata bahati ya kuona sehemu ya jibu kwa macho yangu. Nitakueleza kwa kutumia pamba, maana unaijua kuliko mimi.

Kila seli ya mwili wako ni kama nyumba yenye chumba cha ndani. Chumba hicho tunakiita kiini. Humo mna maagizo yote ya kukufanya uwe Maduhu, na maagizo yenyewe hayatoki kamwe. Seli ikihitaji kitu, inanakili agizo moja, na nakala hiyo, inayoitwa RNA, ndiyo inayotoka nje kwenda kufanyiwa kazi. Lakini nakala haitoki ovyo. Inapoandikwa huwa na vipande visivyohitajika katikati, kama pamba yenye mbegu. Lazima ichambuliwe kwanza, vipande vitolewe, iungwe. Ikishachambuliwa, inawekewa alama, na kwa alama hiyo inaruhusiwa kupita kwenye matundu ya ukuta wa kiini. Ni kama robota la pamba linalotoka kiwandani: lenye mbegu halipandi lori.

Sasa kirusi kinaingia kwenye kiini na maagizo yake machache sana. Nakala zake nyingi hazina mbegu tangu mwanzo. Utadhani hiyo ni nafuu kwake, kumbe ni shida. Kwa kuwa hazihitaji kuchambuliwa, hazipati ile alama ya waliochambua, na zisipokuwa na alama zinakwama langoni. Basi miongoni mwa vitu vya kwanza inavyotengeneza familia hii ya virusi ni protini moja, na protini hiyo inarudi ndani ya kiini kufanya kazi mbili. Inawazuia wachambuaji, ili nakala za mwenye nyumba zirundikane ndani na mbegu zake. Na inazishika nakala za kirusi mkono, inazipitisha langoni bila alama. Halafu inarudi kuchukua nyingine.

Umeniandikia kwamba msimu huu marobota ya chama chenu cha ushirika yamelala ghalani wakati malori ya wanunuzi wapya yanatoka kila siku. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, maana kwa miaka nilitafuta mfano wa kuwaeleza watu kazi yangu na wewe umenipa bila kujua. Shija asikasirike. Najua yeye ni wakala wa hao wanunuzi, na simwiti kirusi.

Maabara tuliyofanyia kazi haikushughulika na mkanda wa jeshi wenyewe. Tulishughulika na ndugu yake wa karibu, kirusi cha vidonda vya mdomoni vinavyokuja na homa. Mkuu wangu alikuwa Daktari Ruth, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, tuliyezeeka naye. Kazi yangu ilikuwa kuzipasua seli kwa uangalifu, nitenge kiini upande mmoja na kilicho nje ya kiini upande mwingine, bila kuvichanganya. Ukivichanganya, kazi ya wiki nzima ni bure. Kisha tulitafuta nakala ziko upande gani, na jibu lilionekana kwenye filamu kama ile ya eksirei, mistari myeusi.

Siku moja filamu ilitoka kwenye dawa ikiwa bado inachuruzika maji, akanipa mimi. Hiyo ilikuwa desturi yake. Alitaka niisome kabla yake, kwa kuwa yeye alikuwa na hamu ya jibu na mwenye hamu huona anachokitaka.

"Soma, Kabula."

Nikamwambia kwamba kwenye seli zenye kirusi, nakala za seli zimebaki ndani ya kiini na za kirusi zimetoka nje.

"Na huyu wa mwisho?"

Wa mwisho alikuwa kirusi kilekile, ila tulikuwa tumemnyang'anya agizo moja tu, lile la kutengeneza ile protini ya kupitisha nakala, mlinda lango wake. Nilitazama filamu, nikaigeuza, nikatazama tena. Nakala zake zilikuwepo. Zimeandikwa vizuri, nyingi tu, na karibu zote zimekwama ndani.

"Ameandika barua akakosa wa kuzipeleka posta," nikamwambia.

Daktari Ruth akavuta kiti akakaa, mtu ambaye sijapata kumwona amekaa saa za kazi. Mimi niliendelea kuishika ile filamu mpaka maji yake yakaniloa mikono. Maduhu, mimi nililelewa kanisani na nimesoma vitabu vingi, lakini sijui kama nimewahi kuisikia heshima ya namna ile. Kitu kisicho na akili, kisicho na macho, kisichoweza hata kuitwa hai kikiwa peke yake, kinajua lango la nyumba zetu liko wapi kuliko sisi tunaoishi humo. Na lango lenyewe tulilijua kwa sababu yake. Tusingefuata nyayo za mwizi, tusingeujua mlango.

Je, mkanda wako nao una mlinda lango wa aina hiyo? Wanasema unaye anayefanana naye, na kazi yake bado wanaichunguza. Nisikuambie kuwa nimeona nisichokiona.

Barua yako niliipeleka kwa Daktari Ruth Jumamosi iliyopita, nikamtafsiria. Aliuliza jambo moja tu, kama mtoto aliugua kabla ya babu yake au baada. Nikamwambia baada, na kwamba humkalia mapajani. Akatikisa kichwa, akatabasamu kwa namna ambayo asiyemjua angeona haya.

"Basi kirusi hicho kimesubiri mpaka mjukuu azaliwe," akasema.

Umeelewa alichosema? Maji ya malengelenge yako ndiyo yaliyompa Holo tetekuwanga. Kirusi kilichotushika mimi nawe utotoni kimekaa mgongoni mwako umri wote huu, kimeamka, kimevuka kwenda kwa mtoto ambaye wazazi wake walikuwa hawajazaliwa kilipoingia kwako. Hakuna aliyekuroga. Na hakuna dereva wa lori anayeweza kuleta kitu ambacho mwenye nyumba alikuwa nacho kabla ya lori kutengenezwa. Minza alikuwa hajazaliwa, Maduhu. Baba yake alikuwa bado hajaoa.

Sasa nikuambie na upande wa pili, maana dada asiyesema yote hafai. Kinachokiamsha kirusi hiki ni kuchoka kwa walinzi wa mwili. Uzee huwachosha, huzuni huwachosha, na ule ugonjwa unaouogopa huwachosha pia. Kwa hiyo siwezi kukuambia kutoka huku kwamba huna. Ninaloweza kusema ni kwamba mkanda peke yake hausemi unao, na kwa mtu wa umri wako mara nyingi uzee unatosha. Nenda hospitali pale Somanda, mwombe daktari akupime damu, usubiri jibu kama mtu mzima. Na likija jibu unaloliogopa, bado hutajua nani alimpa nani. Kabla hujamwoa Minza ulikuwa ukipeleka ng'ombe minadani, mkilala njiani, na sikuulizi mlilala wapi wala na nani. Nakuuliza tu kwa nini wewe unajiuliza habari ya uji wake lakini hujiulizi habari ya minada yako.

Mambo ya mwilini ni haya. Ipo dawa ya kuzuia mkanda, lakini inafaa siku za mwanzo, na kwako zimeshapita. Maumivu yanaweza kukaa miezi hata ngozi ikipona, usidhani ni dalili ya kufa. Usikubali mtu akuchanje kwa wembe. Kama malengelenge bado yana maji, yafunike kwa kitambaa safi, na mke wa Shija, kwa kuwa ana mimba, asikufulie wala asimwogeshe Holo mpaka ijulikane kama aliwahi kuugua tetekuwanga. Hilo usilichukulie kwa wepesi.

Nami nikuambie jambo ambalo sikumwambia Daktari Ruth. Mimi pia ninacho. Tulilala kibanda kimoja, kwa hiyo kimo mgongoni mwangu sasa hivi ninapoandika. Nilipokuja huku kusoma, nilidhani narudi baada ya masomo. Nikaolewa, nikafiwa, nikabaki. Nguo nilizotoka nazo zilichakaa, sanduku nililitupa, sauti ya Mayu nilikuwa naikumbuka na sasa siikumbuki vizuri. Nikajiona sina hata kimoja cha Mwamapalala kilichobaki kwangu. Kumbe kipo kimoja, na ni kizima, kimeandikwa herufi kwa herufi kama kilivyoandikwa ndani yako na sasa ndani ya Holo. Sikitamani kiamke. Lakini usiku huu wa baridi ya huku, kujua kwamba kipo kunanipa faraja nisiyoweza kuitetea.

Sasa nisikilize neno langu la mwisho, na nalisema kama mkubwa wako. Ulimtuhumu Minza mbele za watu. Basi kumsafisha nako kuwe mbele za watu. Usimtume Shija. Shija atakwenda na pikipiki ya wanunuzi wake, atazungumza ng'ombe, na mambo yatakuwa ya ng'ombe. Nenda Migato kwa miguu yako, mchana, siku ambayo baba yake yupo na ndugu zake wapo. Usiulize habari ya mahari. Sema kwamba ulikosea, na useme ulikosea nini, maana kusema tu "yaishe" si kusema kitu. Kisha umwache Minza ajibu. Akikataa kurudi, amekataa, na ng'ombe wabaki walipo. Hutakuwa umepoteza kitu ambacho hukukitupa mwenyewe.

Na usisubiri jibu la hospitali ndipo uende. Ukisubiri, utakuwa unasema kwamba usafi wake unategemea damu yako.

Nisalimie Shija, mtoto wetu mkubwa, na umshukuru kwa kuniandikia bila kunificha. Msalimie mkewe, nimtakie kujifungua salama. Mbusu Holo, umwambie shangazi wa babu yake, au niseme dada wa babu yake, maana Kiswahili changu nacho kimeanza kunitoroka, anamwombea asijikune. Mzee Gamba msalimie pia, umwambie askari huyu mpya ana dada mkali. Mama mkwe wa Shija, aliyenitumia michembe ya viazi kwa mkono wa yule mwanafunzi, mwambie niliila yote peke yangu bila kumgawia mtu.

Salamu za wifi yangu Minza sikuziandika humu. Zipeleke Migato kwa mdomo wako.

Ni mimi dada yako,
Kabula